Ndege ya Kivita Haishiki Kutu ya Kilindini

Sisi tuliokulia kisiwani tumezoea kutu. Iko kwenye mageti, kwenye mabati, kwenye minyororo ya meli pale Kilindini. Ndiyo maana mtu wa huku akianza kuchakaza modeli ya ndege, yaani kuipaka ionekane imetumika, mkono humwenda wenyewe kwenye rangi ya kutu. Anaichirizisha bawani, na jeti inageuka tishali.

Mwana wa ndugu yangu alinikuta nikimalizia modeli ya F-5, jeti ya kivita ya Marekani, akaniuliza, "Ami, mbona hujaitia kutu? Si ya zamani hii?"

"Babu, ngozi yake ni alumini," nikamwambia. "Alumini haitoi kutu nyekundu."

Alumini ikiliwa na chumvi hutoa ungaunga mweupe, na rangi huvimba na kubanduka kutoka chini. Tazama picha za jeti za F/A-18 za jeshi la majini la Marekani zinapokuwa baharini kwa miezi. Mafundi hupiga msasa pale palipoanza kuliwa, wakapaka kijivu kipya juu ya kijivu kilichopauka, na ndege inabaki na mabaka ya vijivu vitatu vinne. Hiyo ndiyo alama ya chumvi kwenye jeti. Ukitaka kuionyesha, changanya kijivu chako cha msingi na tone la nyeupe, kisha chengine na tone la nyeusi, upulize madoa yasiyolingana kando ya mistari ya paneli, pale vipande vya ngozi ya ndege vinapoungana. Inachosha, lakini hakuna njia ya mkato inayofanana nayo.

Kwa hiyo kabla hujafungua kopo, jiulize ndege hii ilikuwa inaishi wapi. F-5E za jeshi letu la anga zilianza kuja mwaka 1978, na kambi yake ni Laikipia, kule Nanyuki. Huko ni juu, jua ni la ikweta, bahari iko mbali. Jeti ya huko ifubaze mgongoni na juu ya mabawa, uipe vumbi kwenye magurudumu na kwenye milango yake, basi. Hali ya hewa ya Mombasa iingie kwenye ratiba yako ya kupaka, isiingie kwenye ndege.

Na kwenye ratiba itaingia, upende usipende. Unyevu wetu ni adui wa vanishi. Thina inapopaa hupoza uso wa modeli, na hewa ikiwa imejaa maji, unyevu hutua juu ya vanishi mbichi na kuacha utando mweupe. Watu wengi huamka alfajiri kupuliza kwa sababu kuna baridi kidogo, na hapo ndipo unyevu uko juu kuliko wakati wowote wa siku. Mimi hupuliza vanishi kati ya saa saba na saa kumi mchana, na kazi kubwa naiwekea miezi ya kaskazi, hasa Januari na Februari. Masika yakiingia nafanya kazi za kukata, kugundisha na kupiga msasa. Utando ukishatokea kwenye vanishi ya thina kali, usiparuze. Puliza ukungu mwembamba wa thina tupu inayokauka polepole, vanishi italainika na kuuachia unyevu.

Kompresa nayo ina yake. Hewa ikibanwa hupata moto, ikipita kwenye mpira hupoa, na maji hujitenga. Siku ya joto utaona eabrashi, ile brashi ya kupulizia rangi kwa hewa, inatema matone katikati ya bawa safi. Mafundi wanaopuliza magari huweka kichujio cha maji, nawe weka, ila kiwe karibu na mkono wako, si kwenye kompresa, maana huko hewa bado haijapoa. Na tangi ulimwage maji kila ukimaliza. Rangi za akriliki zina tabu ya kinyume: joto huzikausha kwenye ncha kabla hazijatoka. Tone la kichelewesha, dawa ya kuzifanya zikauke polepole, na brashi ndogo yenye thina ya kufutia ncha vinatosha.

Sasa mistari ya paneli, ambako modeli nyingi nzuri huharibikiwa. Kwenye kipimo cha 1/72, yaani modeli iliyo ndogo mara 72 kuliko ndege yenyewe, F-5E nzima ina sentimita 20 hivi. Mstari mweusi wa nusu milimita juu yake ni sawa na mfereji wa milimita 36 kwenye ndege halisi. Rubani gani atapanda chombo chenye nyufa za kupitisha vidole viwili? Kwa hiyo nyeusi tupu siitumii. Nachukua rangi ya mafuta ya wasanii, kahawia iliyokolea na kijivu, naiweka kwanza juu ya kipande cha katoni kinyonye mafuta yake, ndipo naiyeyusha kwa waiti spiriti. Chini yake kuwe na vanishi ya kung'aa iliyokauka sawasawa; hiyo pia huzizuia stika za maji, zile alama za ndege zinazolowekwa kabla ya kubandikwa, kubakiza hewa chini na kumetameta ovyo. Ikikauka kidogo, futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kutoka mbele kwenda nyuma, upande unaopita upepo, usifute kwa kuzungusha. Kinachobaki nje ya mstari kinageuka uchafu wa safari bila wewe kujihangaisha.

Uchafu una pahala pake. Juu ya bawa, pale mafundi wanapokanyaga. Tumboni, ambako mafuta ya haidroli huvuja na upepo kuyavuta nyuma. Kwenye jeti za kijeshi mara nyingi ni mekundu, lakini yakishashika vumbi huwa kahawia. Puani mwa F-5E kuna mizinga miwili ya milimita 20, na ikishapiga huacha masizi mepesi yanayorudi nyuma kuelekea kwa rubani. Masizi hayo nayapaka kwa chaki ya unga na brashi laini, kidogo kidogo, naacha kabla sijaridhika.

Mkiani ndipo penye raha yangu. Sehemu inayozunguka matundu ya injini haipakwi rangi, ni chuma kitupu kilichochomwa na joto. Anza na rangi ya metali iliyokolea, kisha puliza kahawia ya majani makavu, zambarau na buluu, kila moja nyembamba kiasi kwamba unaitilia shaka kama ipo. Paneli mbili zinazopakana zisifanane. Nikiona modeli yenye mkia wa fedha inayong'aa sare, najua mwenyewe alichoka mapema.

Kila mchanganyiko naujaribu kwanza kwenye vijiko vya plastiki, vile vya kulia aiskrimu, na naandika nyuma ya kila kijiko nilichochanganya na mwezi nilioupuliza. Kijiko cha Mei na cha Februari, rangi ile ile, vanishi ile ile, ukiviweka pamoja dirishani utadhani si kopo moja.