Kabla ya mbegu, tazama maji yanakokwenda

Ndugu yangu, umeuliza kama ununue mbegu za muda mfupi au uachane na mahindi kabisa, maana mvua siku hizi zinachelewa kuanza na kukatika mahindi yakiwa yanachanua. Pole sana, hakuna wakati mbaya kama huo wa kukosa maji. Mimi ningeanza na udongo. Mvua ya milimita 30 humwaga lita 30 kwenye kila mita ya mraba. Je, ngapi zinabaki shambani? Udongo ulioganda juu huzitiririsha nyingi hadi bondeni.

Jaribu mashimo ya zai, yaani vishimo vya kupandia vinavyokusanya maji ya mvua. Chimba wakati wa kiangazi, upana sentimita 20 hadi 40, kina 10 hadi 20, tia samadi, na udongo uliotoa uweke upande wa chini wa mteremko ukinge maji. Mchwa huifuata samadi, wakatoboa vijia, na maji yakazama humo. Mkulima Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso alifufua ardhi iliyokufa kwa njia hii tangu miaka ya 1980. Kazi ni nzito, sikufichi. Anza na kipande kidogo.

Mbegu za muda mfupi zinafaa, ila mvua ikiwa nzuri kwa kawaida hazizai kama za muda mrefu, kwa hiyo panda zote mbili. Sehemu nyingine weka mtama: ukame ukiingia hukunja majani na kusubiri, mvua ikirudi unaendelea kukua. Na mabua usiyachome, yatandaze.