Mgonjwa akiniuliza nitapona, nimjibu nini?

*Shikamoo mama. Mimi ni dada wa miaka 29 niko Tanga, tangu mwaka jana najitolea kwenye tiba shufaa, yaani kuwapunguzia maumivu na mateso wagonjwa wa magonjwa mazito, tunatembelea wagonjwa majumbani na nesi mara mbili kwa wiki. Nilikuwa na babu mmoja ana saratani ya koo, tulizoeana mpaka redio yake ikiharibika ananisubiri mimi niipeleke kwa fundi. Kila nikienda ananiuliza mjukuu wangu nitapona? na mimi namwambia utapona babu, inshallah. Wiki mbili zilizopita amefariki, mimi sikuwepo, hata mkewe alikuwa uani anaanika nguo, yaani kafa peke yake. Msibani nikalia kuliko wafiwa mpaka mtu akauliza kwani huyu nani? Nikaona aibu. Sasa nesi kaniambia kuna mgonjwa mwingine, nashindwa kwenda. Nilimdanganya yule babu na nikamuacha. Au hii kazi siyo yangu?*

Marahaba mwanangu, na pole sana, naona huko msibani hakuna hata mmoja aliyekupa pole. Wewe ni mfiwa. Ukikaa na mtu mwaka mzima ukajua chai yake sukari vijiko vingapi, akiondoka utaumia tu, na huyo anayeuliza huyu nani mwache aulize.

Kufa peke yake hilo lisikutese. Kwa unesi wangu nimeliona sana, ndugu wanakesha siku tatu, wanatoka kidogo kunawa uso, huku nyuma mtu anakata roho. Halafu mkewe alikuwa anaanika nguo, za nani kama siyo za huyo huyo babu? Nenda kakae naye hata kabla ya arobaini, chukua kilo ya sukari, hotuba iache nyumbani. Siku za kwanza nyumba inajaa watu mpaka barazani, ikifika wiki ya tatu hana hata wa kumuuliza umekula?

Sasa huo uongo. Hapa sikusafishi haraka haraka, maana na mimi niliusema. Nilikuwa nesi kijana, baba mmoja akaniuliza hivyo hivyo nikamwambia mwezi ujao uko shambani kwako, akafurahi, na kwa vile anapona akaacha kuwaambia wanawe kwamba anadaiwa hela ya mabati. Akafa siku ya tisa. Mwenye mabati akaja matanga hayajaisha, mjane hana habari, nikamwona anavyoangalia paa la nyumba yake. Tangu hapo sijamwambia mtu utapona kama najua haponi.

Lakini na wewe usije ukamtamkia kwamba anakufa, habari ya ugonjwa ni ya daktari na nesi. Mrudishie swali: babu, wewe mwenyewe unauonaje mwili wako? Halafu nyamaza, na hapo kwenye kunyamaza ndipo kwenye kazi maana mdomo utakuwasha useme chochote. Mara nyingi anajua. Atakwambia anaogopa maumivu, au anataka mwanae aliyegombana naye aitwe, au ana deni. Hapo unamwambia nesi, unawaita watoto. Na inshallah sema tu, ila usiifanye kifuniko cha sufuria.

Yule mama wa Kiingereza Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's London mwaka 1967, yaani nyumba ya kutunzia wagonjwa wasioweza kupona, alianzia kwenye msiba kama wako. Mgonjwa wake David Tasma, mhamiaji kutoka Poland, alifariki 1948 akamwachia pauni 500 kwa ajili ya hiyo nyumba ambayo hata haijajengwa bado, na Cicely akamlilia kweli kweli. Kwa hiyo kulia hakukutoi kazini. Mwambie nesi wiki hii huendi, wiki ijayo mfuatane, we kaa tu ushike bakuli la maji.

*Mama yangu ana saratani ya kizazi, kapewa morfini ya maji, ile dawa kali ya maumivu. Kaka anakataa asipewe, anasema atakuwa teja na atakufa haraka. Ni kweli?*

Mwambie kaka teja anatafuta ulevi, mama anatafuta usingizi. Kwa kipimo alichoandikiwa haimuui, na Uganda ndiyo dawa wanayotumia miaka na miaka, hata manesi waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kuiandika. Mpe kila baada ya saa 4 hata kama hajalalamika, usingoje maumivu yapande ndiyo ukimbilie chupa. Siku za mwanzo atasinzia sinzia, usishtuke. Ila akilala mpaka haamki ukimwita, mpigie nesi hapo hapo. Na dawa ya kulainisha choo iombe siku hiyo hiyo, morfini inafunga tumbo vibaya sana, papai peke yake haliwezi.