Jibu: Kukaimu nafasi bila barua

Salaam, ndugu yangu wa Mafinga. Umeeleza kwamba tangu mhasibu wenu ahamie Mbeya unafanya kazi zake pamoja na zako, bila barua wala posho. Kwanza soma maelezo ya kazi katika mkataba wako, kwa kuwa kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri ashauriane nawe na kukujulisha kwa maandishi yanapobadilika. Nilipokuwa katika hali hiyo Iringa niliandika barua fupi, nikaorodhesha majukumu niliyoongezewa na tarehe yalipoanza, nikaomba kukaimishwa rasmi na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa masjala. Barua ya kukaimu ilikuja upesi, posho ikachelewa. Tafadhali usisusie kazi, maana hilo litakuponza.