Bima inalipia vidonge, kazi ya mfamasia je?

SWALI: Nina famasi Buzuruga, Mwanza, na tunapokea wagonjwa wa bima. Kwa siku nakaa na watu sita au saba wa presha na kisukari: nawapima, nawaelekeza, pengine nampigia daktari. Mwisho wa mwezi nalipwa bei ya dawa tu. Nasikia kwingine mfamasia analipwa kwa huduma yenyewe. Wanafanyaje, na mimi nianzie wapi?

JIBU: Nikupe kisa cha mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Alikuja na cheti cha Lasix, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, miguu imevimba, kandambili zinambana. Nikamwomba amwage dawa zake zote kaunta. Kwenye kifuko mlikuwa na nifedipini aliyoandikiwa kituo kimoja na amlodipini aliyoandikiwa kingine, zote za presha, na zote alikuwa anameza. Wewe unajua kuwa hizo ni ndugu wa tumbo moja, na kuvimbisha vifundo vya miguu ni tabia yao. Nikampigia daktari, akasimamisha nifedipini na kuifuta Lasix. Baada ya wiki mbili mama alirudi na viatu vyake vya kufunga.

Sasa piga hesabu. Nimetumia nusu saa na simu mbili, halafu nimetoa dawa moja badala ya tatu. Kadiri nilivyofanya kazi yangu vizuri ndivyo madai yangu yalivyopungua! Mfuko wa bima umeokoa fedha, mama amepona miguu, ila kwenye fomu ya madai hapakuwa na mstari wa kuandika kilichofanyika. Hili linaniuma kuliko ucheleweshaji wa malipo tunaoulalamikia kila siku.

Uingereza walitenganisha malipo ya dawa na malipo ya kazi ya mfamasia. Tangu 2011 famasi zao hulipwa kwa kumfuatilia mgonjwa anayeanza dawa mpya ya ugonjwa sugu. Tarehe 31 Januari 2024 wakaongeza Pharmacy First, yenye magonjwa 7 yakiwemo maumivu ya koo, sikio na mkanda wa jeshi. Ilianza kwa pauni 15 kwa kila mgonjwa aliyehudumiwa, na fedha hiyo hulipwa hata akitoka na ushauri mtupu bila kidonge.

Marekani wamekwama kwenye sheria. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, haimhesabu mfamasia miongoni mwa watoa huduma wa Sehemu B, ile inayolipia kazi ya daktari. Mapitio ya dawa, yaani kukaa na mgonjwa na kukagua dawa zake zote, yapo Sehemu D, ile ya dawa, tangu 2006, lakini fedha yake hupitia kampuni zinazoendesha mipango ya dawa, na mfamasia hana dai lake mwenyewe.

Kwetu, Sheria ya Famasi ya 2011 inakutambua wewe kama mtaalamu, ila mafao ya bima yamejengwa juu ya dawa. Sasa hivi, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ikiwa inaanza kutekelezwa, ndio wakati wa kulisema hili. Lakini usiende kuomba walipie "ushauri". Watakataa, na mimi ningekataa pia, maana mkaguzi ataukaguaje? Omba huduma moja yenye jina na mipaka. Mimi ningeanza na mapitio ya dawa kwa mgonjwa mwenye dawa nne au zaidi za magonjwa sugu, mara mbili kwa mwaka, kwa bei moja, iwe dawa zimepungua au zimeongezeka.

Kabla ya kuomba, andika. Fungua daftari leo: tarehe, namba ya kadi, dawa zote alizokuja nazo (za mtaani pia), tatizo uliloliona, daktari uliyempigia na alichojibu, presha ya siku hiyo na ya siku aliporudi. Likae kabatini chini ya ufunguo, maana siri za watu zimo humo. Na tafadhali usimtoze mgonjwa wa bima pembeni ili kufidia muda wako. Utahatarisha mkataba wako, na utakuwa umempa mfuko sababu ya kutotusikiliza.

Tafuta wenzako wawili watatu, Igoma na Nyegezi, waandike kwa mpangilio huohuo kwa miezi sita. Daftari langu lipo, na ukurasa wake wa kwanza ni wa yule mama wa dagaa. Tutayaunganisha, kisha tuyapeleke kwanza kwa chama chetu cha wafamasia, halafu ofisi ya mfuko hapahapa Mwanza.