Polisi na KMKM: lindo moja, hazina mbili, pensheni mbili

Mleta uzi, assalamu alaykum. Umeandika kuwa wewe ni konstebo, unashika lindo bandarini Malindi na kijana wa KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo cha Zanzibar, mliyesoma naye skuli moja. Mmetoleana slipu za mshahara, mkakuta hazilingani. Unauliza kama hilo ni halali, kama mkistaafu mtalipwa sawa, na kama kuna maana ya wewe kuhamia kwao. Mimi nimestaafu polisi na cheo cha sajenti, mume wangu kastaafu KMKM, tunaishi hapa Chake Chake. Yote mawili yamo ndani ya nyumba yangu, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyapitia.

Polisi ni jambo la Muungano, limo kwenye orodha ya Katiba ya 1977. KMKM, JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi) na Chuo cha Mafunzo, yaani magereza yetu, ni Idara Maalum za SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, zimetajwa katika kifungu cha 121 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984, na Valantia na Zimamoto nao wako upande huo. Wewe unalipwa na SMT, Serikali ya Muungano, mwenzako na SMZ. Mei Mosi ya 2025 Rais Samia alipotangaza kima cha chini kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, kijana wa jirani yangu aliyeko KMKM alikuja mbio kunipa mkono. Ikabidi nimweleze kuwa hiyo ni ya watumishi wa SMT, yao hutangazwa na Rais wa Zanzibar, kwa wakati wake na kwa kiwango chake. Mifuko ya pensheni nayo ni mbali mbali. Mimi nilikatwa PSPF, ambayo mwaka 2018 iliunganishwa na LAPF, GEPF na PPF ikawa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma. Mume wangu alikatwa ZSSF, mfuko wa Zanzibar ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998.

Kwa hiyo kwa sheria hakuna aliyekuibia. Kwa haki mimi sikubali, na nasema wazi. Ibara ya 23 ya Katiba ya Muungano inasema kila mtu, bila ubaguzi, ana haki ya kupata ujira unaolingana na kazi yake. Jahazi la magendo likikamatwa usiku, aliyelifukuza baharini na aliyekaa kituoni kufungua jalada na kuandika maelezo ya watuhumiwa wote wamekesha, na asubuhi wote wanarudi kwa watoto wao na usingizi machoni. Sioni kwa nini mmoja awe na thamani zaidi ya mwenzake. Na sisi hatuna chama cha wafanyakazi cha kutusemea, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeliweka Jeshi la Polisi nje. Mwalimu ana chama chake, askari hana. Ndiyo maana hata madai ya polisi kutazamwa kama JWTZ, ambao pensheni yao inatoka Hazina bila kupitia PSSSF, yamesemwa Bungeni na watu wasiovaa gwanda.

Sasa lililo kubwa, na hapa nakuomba usome taratibu. Nyinyi vijana mnatazama kinachoingia mkononi mwisho wa mwezi. Mimi nakutaka utazame ule mstari wa juu kwenye slipu, mshahara wa msingi, kwa sababu uzee wako unahesabiwa humo tu. Posho ya chakula na posho nyengine zote hazimo.

Chukua askari ambaye wastani wa mshahara wake wa msingi ni 800,000 kwa mwezi, yaani 9,600,000 kwa mwaka, na katumikia miaka 30, ambayo ni miezi 360. Kwa kikokotoo cha zamani cha PSPF, yaani kanuni ya kuhesabu pensheni, unazidisha mshahara wa mwaka kwa miezi, unagawa kwa 540, unapata 6,400,000. Nusu yake mara 15.5 ndiyo kiinua mgongo, 49,600,000. Nusu iliyobaki gawa kwa 12, pensheni ya mwezi ni kama 266,700. Kuanzia Julai 2022 kigawanyo kikawa 580, kizidisho 12.5, na mkupuo, yaani lile fungu la kiinua mgongo, ukawa asilimia 33 badala ya nusu. Askari yule yule sasa anapata kama milioni 24.6 kwa mkupuo na 332,700 kwa mwezi. Bajeti ya 2024/25 ikapandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa lile kundi lililokuwa likilipwa nusu, ikawa kama milioni 29.8 na pensheni ya 297,900. Pensheni ya mwezi imeongezeka kuliko zamani, ni kweli. Lakini mwambie askari aliyeishi kota maisha yake yote, anayetakiwa kukabidhi funguo na hana hata msingi wa nyumba, kwamba pungufu ya karibu milioni 20 atailipwa kidogo kidogo. Tofali, bati na saruji havinunuliwi kwa kidogo kidogo kama unataka nyumba ikamilike ungali hai.

Sasa turudi kwenye posho. Tuseme serikali inakuongeza 200,000. Ikiingia kwenye posho, unaila leo na ukistaafu haina habari na wewe. Ikiingia kwenye mshahara wa msingi kwa askari yule wa miezi 360, kwa hesabu ya asilimia 40 inamzidishia kama milioni 7.4 za mkupuo na 74,000 kila mwezi mpaka anaingia kaburini. Kwa hiyo wewe na huyo wa KMKM hata mkilinganishwa kesho mkono kwa mkono, kama mmoja kalinganishwa kwa posho na mwengine kwa mshahara, uzeeni mtaachana tena. Mnapopata nafasi ya kusema mbele ya mkubwa anayekuja kuwatembelea, semeni hilo. Ombeni posho ziingizwe kwenye mshahara.

Cheo pia kinaingia hapo. Hesabu ya sasa inachukua wastani wa miaka mitatu yenye mshahara bora. Cheo kikikufikia mwaka wa mwisho, theluthi moja tu ya nyongeza ndiyo inayoingia kwenye wastani. Nalisema hili kwa uchungu kwa ajili ya askari wa kike. Konstebo mwanamke na konstebo mwanamume wanalipwa sawa, hakuna ubishi. Lakini cheo kinataka kozi, kozi iko Moshi au Kidatu, na jina lako linatoka una mtoto wa miezi mitano ananyonya. Mwenzako wa kiume anapanda meli, wewe unaambiwa subiri nyengine. Nyengine inakuja baada ya miaka, na kwa wengine haiji. Niliingia depo pamoja na wanaume ambao leo wana pensheni ya mkaguzi, na kazi tulizozifanya ni zile zile, doria ile ile, mahakamani kule kule kutoa ushahidi. Mshahara sawa kwa cheo sawa hautoshi kama njia ya kufikia cheo si sawa.

Jambo jengine ni jalada lako. Wengi wetu kutoka Pemba majina yetu yaliandikwa mafunzoni kwa sikio la mtu wa bara. Baba yangu ni Khamis, kwenye cheti cha kuzaliwa yumo Khamis, kwenye barua yangu ya ajira yumo Hamisi. Herufi moja imeondoka na nyengine imeongezeka, na malipo yangu yakakaa kwa sababu yake. Ikanilazimu kula kiapo mahakamani, kisha kupanda meli na bahasha kwenda kuthibitisha kuwa mtu huyo ni mmoja. Wewe fanya leo ukiwa na nguvu: barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, kila barua ya cheo, na kitambulisho cha NIDA, vyote vilingane herufi kwa herufi. Na waandikishe kwenye mfuko wa pensheni mke na watoto. Ukiwa na wake wawili, waandikishe wote wawili na vyeti vyao vya ndoa, usimwachie mtu kesi ya kuthibitisha ndoa akiwa eda.

Kuhusu kuhama, mimi singefanya kwa sababu ya slipu. PSSSF inataka miezi 180 ya michango ndipo upate pensheni ya kila mwezi, na wewe bado mbali. Ukiondoka sasa huenda ukaanza upya ZSSF ukiwa na umri mkubwa kuliko wenzako wa kundi lako. Kama moyo wako umeshakata, basi kabla hujaandika barua yoyote ya kuacha kazi, ziandikie PSSSF na ZSSF zote mbili uulize miezi uliyochangia itahesabiwaje, na usikubali jibu la mdomo dirishani. Likikuthibitikia kwenye karatasi yenye muhuri, amua. Likija, liweke hapa na wengine tulione, maana hauko peke yako unayeliuliza.