Rozmari: ilichofanya kwenye mafuta yangu ya alizeti na ninavyoviona vile vidonge

Mkuu umeuliza kwamba bi mkubwa ana presha, kuna mtu anamuuzia chupa ya vidonge vya ekstrakti ya rozmari, yaani kiini kilichotolewa kwenye yale majani ya kiungo, kwa 45,000, anamwambia vina antioksidanti, vinatoa sumu zote mwilini, vinazuia kansa na presha inashuka yenyewe, je anunue au aache. Nimesoma majibu ya hapo juu yote. Wengine wanasema ni utapeli mtupu, wengine wanasema wametumia na wamejiona wepesi. Mimi sio daktari, mimi nakamua alizeti hapa Singida mwaka wa tisa huu, lakini hii rozmari nimehangaika nayo kwa mikono yangu kwa ajili ya mafuta na nimesoma sana kuhusu hiyo kitu kwa sababu ilikuwa inagusa hela yangu. Kwa mama jibu ni asinunue kwanza, na vidonge vyake vya presha vya hospitali asiache hata siku moja. Sasa nikueleze kwa nini, maana ukimwambia mzazi "usinunue" bila sababu atanunua ukiwa umeondoka.

Nilivyoingia kwenye haya mambo ni hivi. Kuna msimu nilipeleka madumu 40 Dar kwa mteja, mafuta mazuri kabisa, nimeyachuja mara mbili, yanang'aa. Baada ya wiki sita hivi ananipigia anasema kaka mafuta yako yananuka, wateja wanarudisha. Nikapanda basi nikaenda. Sisi wakamuaji tuna namna ya kupima, unamwaga kidogo kiganjani, unasugua viganja mpaka yapate joto, halafu unanusa. Alizeti nzima inanukia kama mbegu iliyokaangwa kidogo. Yale yalikuwa yananuka kama rangi ya mafuta ya kupaka mlango na kwa nyuma kuna ile harufu ya karanga za msimu uliopita. Yamechacha. Nilirudisha hela ya madumu 26 na ile hasara ilinikaa rohoni muda mrefu, ndo nikaanza kutafuta sababu.

Sababu ni kwamba alizeti yetu hii ya kawaida imejaa asidi ya linoleiki, mara nyingi zaidi ya nusu ya mafuta yote, na hiyo asidi ni dhaifu mbele ya hewa, joto na mwanga. Molekuli moja ikishambuliwa na oksijeni inageuka kuwa kitu kinachoshambulia ya jirani, na ya jirani inashambulia inayofuata, ni mnyororo, hausimami mpaka kitu kiusimamishe. Wale mnaopita barabara ya Dodoma kuja Singida mnaona madumu meupe na chupa zimepangwa pembeni ya barabara juani tangu asubuhi, mafuta yanawaka rangi ya dhahabu yanavutia kweli, lakini lile jua linayaua pale pale unayatazama. Na mimi nilikuwa nafanya hivyo hivyo.

Sasa antioksidanti ndo hicho kitu kinachosimamisha mnyororo. Inatoa haidrojeni yake inaituliza ile molekuli iliyovurugika, yenyewe inabaki imetumika. Basi. Hapa naomba tuelewane vizuri wakuu kwa sababu naona hata kwenye huu uzi watu wanatafsiri antioksidanti kuwa "kiondoa sumu", na hilo neno ndo linalouza vidonge. Hakuna sumu inayobebwa kutolewa nje. Sumu za mwili zinashughulikiwa na ini na figo. Antioksidanti inazuia kitu kisiungue na oksijeni, kama vile limao unalokamulia kwenye parachichi lisiwe jeusi.

Viwandani wanatumia za kutengenezwa, soma lebo za mafuta ya kula utaona TBHQ au BHA au BHT. Mimi nilitaka kitu cha mmea na huko ndo nikakutana na rozmari. Kumbe sio habari mpya, mwaka 1952 Marekani walipima viungo 32 vya jikoni vinavyozuia mafuta kuchacha na vilivyoongoza vilikuwa rozmari na seji, nayo ni majani ya kiungo. Ulaya wameiruhusu rasmi kama kiongezeo cha chakula tangu 2010, kwenye lebo inaandikwa E392. Kwa hiyo kwenye chupa ya mafuta rozmari inafanya kazi, hilo lina ushahidi wa miaka na miaka na mimi mwenyewe nimeliona.

Lakini nililiona baada ya kukosea mara mbili, na makosa yangu naona wengi humu mnayo. Kosa la kwanza nilinunua kale kachupa ka mafuta ya rozmari ya harufu, yale ya mvuke, nikatia matone kwenye dumu. Yalinukia vizuri wiki tatu halafu yakachacha kama mengine, sema yalichacha yakiwa na marashi. Baadaye ndo nikaelewa kwamba kinacholinda mafuta kwenye rozmari ni asidi ya kanosiki na ndugu yake kanosoli, na hivyo haviruki na mvuke, ukichemsha majani ukakusanya mvuke vyenyewe vinabaki kwenye majani unayotupa. Kwenye kachupa kale kuna sineoli na kafuri na vitu vya harufu. Ndo maana nawaambia ni vitu viwili tofauti kabisa japo vyote vimeandikwa rozmari, na yale ya mvuke tafadhali msinywe, kafuri ikizidi inaleta degedege, na watoto wadogo msiwapake karibu na pua.

Kosa la pili nilitumiwa majani mabichi na shemeji yangu wa Lushoto, kule anayo ukingoni mwa shamba imekuwa kichaka, nikayaloweka kwenye mafuta ndani ya chupa nikaziba. Baada ya siku chache chini kuna utando wa maji na mafuta yamefifia. Dada yangu ni nesi, alivyoiona ile chupa alinigombeza sana, akasema jani bichi lina maji, ukiliziba ndani ya mafuta pasipo hewa unatengeneza mazingira ya bakteria wa botulizimu na hiyo sumu haina harufu wala ladha, inapooza mtu. Nilimwaga yote. Kama unataka kuloweka majani kausha kabisa mpaka yavunjike yakishikwa, na tengeneza kidogo kidogo.

Mara ya tatu ndo nikapata ekstrakti yenyewe, kupitia duka la malighafi za vipodozi Dar, ni kimiminika kizito cha rangi ya kijani kama cha matope, kinanukia majani makavu kwa mbali tu, na kilikuja na karatasi inayosema asidi ya kanosiki 5%. Hiyo karatasi ndo mali yenyewe, bila asilimia hujui unatia nini. Hesabu yake iko hivi: Ulaya kwenye mafuta ya mimea ya namna ya alizeti kikomo chao ni miligramu 30 za kanosiki na kanosoli kwa jumla kwenye kilo moja ya mafuta. Ya kwangu ni 5%, kwa hiyo kilo moja inataka miligramu 600 za ekstrakti. Dumu la lita 20 la alizeti lina uzito wa kilo 18 na kitu, kwa hiyo dumu zima linataka gramu 11 tu, ni kama vijiko viwili vya chai. Kidogo hivyo! Nilipanga chupa nne kwenye dirisha la chumba cha mashine, mbili zina ekstrakti mbili hazina, nikawa nanusa kila Jumapili. Zisizo na kitu zilianza kunuka wiki ya tano. Zenye ekstrakti zilifika wiki ya kumi na moja kabla sijahisi mabadiliko. Sio maabara, ni pua yangu na dirisha langu, lakini mke wangu na kijana wa mashine nao walinusa bila kuambiwa ipi ni ipi wakachagua hivyo hivyo. Kitu kizuri nilichosoma ni kwamba asidi ya kanosiki ikishatumika inageuka kanosoli, na kanosoli nayo bado inafanya kazi, yaani inapigana kwa awamu. Ila kitu ambacho haiwezi ni kufufua, nilijaribu kutia kwenye mafuta yaliyokwisha kuchacha, haikubadilisha chochote.

Kwa sasa natumia kwenye mafuta ya kupaka anayotengeneza mke wangu na ya kwetu ya nyumbani. Ukitaka kutia kwenye mafuta ya kula ya kuuza nenda TBS, shirika la viwango, kwanza uulize, maana mafuta ghafi na yaliyosafishwa hayachukuliwi sawa. Na madumu nimeyatoa juani, hiyo haikunigharimu hata shilingi.

Haya, turudi kwa mama. Mtu anasema kama inalinda mafuta kwenye dumu basi italinda na mwili. Nilifikiri hivyo hivyo. Ila dumu halina tumbo, halina ini. Kidonge kikimezwa kinavunjwavunjwa, kinachofika kwenye damu ni kidogo na kimebadilika. Maabara, kwenye seli na kwenye panya, asidi ya kanosiki inaonyesha mambo mazuri, inaamsha kinga ya ndani ya seli yenyewe dhidi ya oksijeni, na wanasayansi wa ubongo wanaifuatilia kwa sababu hiyo. Hiyo ni kazi ya heshima na natamani ifike mbali. Lakini kutoka panya mpaka mama yako mwenye presha kuna safari ndefu, na mtu anayesema inazuia kansa leo anakimbia mbele ya ushahidi.

Na isiwe tunadhani antioksidanti hata isipofaa haidhuru. Finland waliwapa wavuta sigara vidonge vya beta karotini, hiyo ya rangi ya karoti, nayo ni antioksidanti, walikuwa wanaume zaidi ya 29,000. Matokeo yalitoka 1994, waliopewa beta karotini walipata kansa ya mapafu zaidi kwa 18% kuliko wasiopewa. Sio rozmari, najua, lakini ndo inayonifanya neno antioksidanti kwenye lebo lisinitoshe.

Kuhusu rozmari yenyewe, kamati ya kimataifa ya viongezeo vya chakula, ile ya FAO na WHO, mwaka 2016 iliweka kwa muda kiwango cha miligramu 0.3 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, hesabu ya kanosiki na kanosoli. Mama wa kilo 70 ni miligramu 21. Sasa muulize huyo muuzaji kidonge kimoja kina miligramu ngapi za kanosiki, akikwambia "ni asilia haina madhara" basi hajui anachouza. Pia chunguza damu ya mama ikoje, kuna utafiti wa 2001 kwa wanawake vijana, ekstrakti ya rozmari ikiliwa na chakula ilipunguza ufyonzaji wa madini ya chuma yale ya mimea. Mtu anayekula maharage na mchicha na ana upungufu wa damu hiyo inamhusu. Na wajawazito wasiguse dozi kubwa.

Pale mimi naiona rozmari ina faida ya kweli kwa familia ni jikoni, na hapa naongea kwa moyo wote kwa sababu sisi tunachoma nyama sana. Nyama ikichomwa kwa moto mkali mpaka iwe na weusi kuna kemikali zinatengenezeka, heterosaikliki amini, zinazohusishwa na kansa. Chuo kikuu cha Kansas State Marekani mwaka 2010 walitoa utafiti, walitia ekstrakti ya rozmari kwenye nyama ya kusaga kabla ya kuchoma na zile kemikali zikashuka sana. Kwangu kuku wa kienyeji hachomwi tena bila rozmari, nasaga majani na kitunguu saumu, limao, chumvi na mafuta kidogo, analala usiku mzima, asubuhi harufu yake ukifungua bakuli wewe mwenyewe utanishukuru. Na chai yake pia nzuri, maji yanatoa asidi ya rozmariniki, antioksidanti nyingine, ambayo hata mrehani wa uani kwako unayo, kwa hiyo mama akitaka kikombe kimoja jioni mimi sioni tatizo, ila daktari wake ajue.

Yule dada aliyeuliza kama rozmari inaotesha nywele: kuna jaribio la 2015 Iran, wanaume 100, nusu mafuta ya rozmari nusu minoksidili 2%, ile dawa ya kuotesha nywele, miezi mitatu ya kwanza hakuna kitu, mwezi wa sita wote wakaongezeka nywele karibu sawa. Hakukuwa na kundi la kulinganisha lisilopakwa dawa. Hayo ni ya mvuke, yachanganye na mafuta mengine usipake matupu, na vumilia miezi sita.

Mkuu, mwambie bi mkubwa aipige picha chupa ya huyo muuzaji upande wa nyuma, sio mbele. Angalia kama kuna asilimia ya kanosiki, ekstrakti imetolewa kwa kutumia kitu gani, tarehe, na usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa, au TBS. Iweke hapa tuisome pamoja, na mimi nitakufanyia hesabu ya miligramu kwa uzito wake.