Puto lipi la tumboni linafaa kwa unene uliokithiri?

Dada yangu, umeuliza uchague lipi kati ya Orbera, Spatz3 na Allurion, maputo yanayowekwa ndani ya mfuko wa chakula ili ushibe haraka, kabla ya upasuaji wa kupunguza mfuko huo. Orbera hujazwa maji ya chumvi mililita 400 hadi 700 na hutolewa kwa endoskopia (mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni) baada ya miezi 6, ilhali Allurion humezwa kama kidonge, hukaa takriban wiki 16, kisha hufunguka lenyewe, humwaga maji yake na kutoka kwa haja kubwa. Mimi ningependelea Spatz3, kwa sababu kichefuchefu kikikuzidi, daktari anaweza kupunguza maji yake badala ya kulitoa. Tafadhali mweleze daktari kama uliwahi kufanyiwa upasuaji wa mfuko wa chakula, maana mara nyingi hilo huzuia puto lolote.